Sikio la Mwandishi na Daftari Lake



Ndugu wasomaji wetu, ukurasa huu hupokea maswali mengi kuhusu simu zilizo mikononi mwa vijana, na aghalabu maswali hayo huja yakiwa na malalamiko. Safari hii tumeletewa swali la namna nyingine. Mama mmoja wa hapa Matwebe, wilayani Rungwe, ametueleza kwamba binti yake aliyemaliza kidato cha nne ana madaftari manne yaliyojaa hadithi alizozitunga mwenyewe. Asubuhi huchuma chai, jioni huandika. Sasa amesikia kwa wenzake kwamba vipo vipindi vya sauti vya kuwafunza waandishi, viitwavyo podikasti, naye anaomba anunuliwe simu ya kupangusa na apewe fedha kidogo ya bando kila mwezi.

Mama anatuuliza mambo mawili. Je, vipindi hivyo vipo kweli na vina manufaa, au ni kisingizio tu cha kupata simu? Na je, fedha hiyo isingefaa zaidi kununulia sukari na sabuni?

Tumelichukua swali hili kwa uzito, kwa sababu nyuma yake kuna jambo kubwa kuliko simu. Kipaji cha mtoto kikikosa wa kukiongoza hakipigi kelele kinapokufa. Madaftari huwekwa juu ya kabati, mvua za Rungwe huyatia ukungu, na miaka kumi baadaye mwenyewe huyacheka kana kwamba yalikuwa ya mtu mwingine. Jibu letu kwa ufupi ni kwamba vipindi hivyo vipo, vina manufaa, na gharama yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Lakini vina masharti yake, na ndiyo tunayotaka kuyaeleza leo.

PODIKASTI NI NINI

Podikasti ni kipindi cha sauti kinachowekwa mtandaoni ili msikilizaji akichukue wakati autakao. Hapo ndipo inapotofautiana na redio. Redio hukileta kipindi kwa saa yake, nawe ukiwa shambani kimekupita. Podikasti hukungoja. Unaweza kuisikiliza leo, ukaisimamisha ng'ombe akihitaji kukamuliwa, ukaiendeleza kesho pale pale ulipoishia, na ukarudia mara tatu maneno usiyoyaelewa.

Jina lenyewe si la zamani. Lilionekana katika gazeti la The Guardian la Uingereza mwezi Februari 2004, katika makala ya Ben Hammersley, aliyekuwa akitafuta neno la kuuita mtindo huo uliokuwa bado mchanga. Juni 2005 kampuni ya Apple iliviingiza vipindi vya aina hiyo katika programu yake ya iTunes, na tangu hapo vikaenea duniani. Zile idhaa ambazo wazee wetu walizitafuta kwenye mawimbi mafupi, kama BBC iliyoanza kutangaza kwa Kiswahili tarehe 27 Juni 1957 na Deutsche Welle ya Ujerumani iliyoanza mwaka 1963, nazo leo huweka baadhi ya vipindi vyao kwa njia hii. Basi mzee aliyezoea kulala na redio karibu na mto hana sababu ya kuiogopa podikasti. Ni redio ile ile, ila imejifunza subira.

MWANDISHI WA SHAMBANI AMEKOSA NINI

Kuandika ni kazi ya upweke popote pale, lakini upweke wa mjini na wa shambani haulingani. Aliye Dar es Salaam aweza kuhudhuria uzinduzi wa kitabu, kumwona mwandishi kwa macho yake na kumuuliza swali. Katika miji mingi midogo ya nchi yetu, duka la vitabu ni duka la madaftari na vitabu vya mtihani. Na kijana anayemaliza shule kijijini huvirudisha vitabu vya shule siku ile ile anayoondoka, asibaki na mtu wa kumwambia kwamba mwanzo wa hadithi yake ni mrefu mno au kwamba mhusika wake amesahauliwa katikati ya njia.

Kwa hiyo akosacho binti huyu si maarifa tu. Amekosa wenzake katika kazi. Hajui kama shaka anayoiona kila akisoma alichokiandika ni dalili ya kukosa kipaji, au ni shaka ambayo kila mwandishi huipata. Podikasti njema humpa jibu la swali hilo. Humsikilizisha mtu mwenye vitabu vingi akikiri kwamba aliandika upya, akafuta, akakwama, akaanza tena. Kwa kijana aliye peke yake, kuyasikia hayo mara moja kwa sauti ya mwenyewe kuna uzito kuliko kuhimizwa mara mia na watu wasioandika.

Wala kujifunza kwa sikio si jambo lililoletwa na simu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu na mwaka 1840. Mashairi yake yalikaa vifuani na vinywani mwa watu kwa miongo kadhaa, hata Mwalimu Sikujua bin Abdallah na Mwingereza William Taylor walipoyakusanya mwishoni mwa karne ile. Diwani yake ilichapwa mwaka 1940, miaka mia moja baada ya yeye kuondoka. Mwana Kupona binti Mshamu naye alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi wa nasaha mwaka 1858, na mabinti wengi wa pwani waliupokea kwa kuusikia ukisomwa kwa sauti nyumbani. Lugha hii tunayoiandika ililelewa masikioni kabla haijapigwa chapa.

Wanazuoni wa Hadithi nao waliiheshimu sana njia ya kusikia, waliyoiita samaa, yaani kuyapokea maneno kutoka kinywani mwa mwalimu. Mikusanyiko ilipokuwa mikubwa aliwekwa mustamli, mtu wa kuyarudia maneno ya sheikh kwa sauti ya juu ili walioketi nyuma wasikie. Na wasikie ili wafanye nini? Waandike. Wanafunzi wale walikuja darasani na kalamu na wino. Jambo hilo ndilo tunaloomba lishikwe na kila atakayeisoma safu hii hadi mwisho: mwandishi akisikiliza, kalamu iwe karibu.

NAMNA YA KUVIPATA KWA GHARAMA NDOGO

Tuanze na sukari ya mama, maana swali lake ni la haki.

Sauti haili bando kama picha zinazotembea. Maongezi yaliyorekodiwa kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde hutumia takribani nusu megabaiti kwa dakika, kwa hiyo kipindi cha nusu saa ni kama megabaiti 15. Yakirekodiwa kwa kilobiti 128, kipindi hicho hicho hufika megabaiti 29 hivi. Maana yake ni kwamba bando la megabaiti 500, hata kwa kiwango hicho cha juu, hupata vipindi 17 vya nusu saa. Anayesikiliza vipindi viwili kwa wiki atakuwa na vya miezi miwili. Bando huwahi kuisha kwa sababu ya video, na pia kwa programu za simu zinazojipakulia mambo bila mwenyewe kujua. Kwa hiyo tunashauri kipindi kitafutwe kama sauti, kisitazamwe YouTube ikiwa haja ni kusikia tu.

Mwenye simu ya Android aweza kutumia programu iitwayo AntennaPod. Ni ya bure, haina matangazo ya biashara, wala haimdai mtumiaji ajisajili kwa jina au namba. Huandikwa jina la kipindi katika sehemu ya kutafuta, kikionekana hubonyezwa pa kujiunga, na orodha ya vipindi vyake vyote hujitokeza. Kuanzia hapo kila kipya kinapowekwa, programu hukionyesha. Mzazi ahakikishe sehemu ya kupakua chenyewe imezimwa, ili kipakuliwe kile tu kilichochaguliwa. Mwenye iPhone huikuta programu ya Apple Podcasts tayari. Spotify nayo ilifunguliwa kwa watumiaji wa Tanzania mwaka 2021. Anayeelekezwa na rafiki atumie Google Podcasts asihangaike, maana ilifungwa mwaka 2024.

Sasa tuseme jambo ambalo huenda likampunguzia mama mzigo. Binti si lazima awe na simu ya kupangusa ili asikilize. Tovuti za baadhi ya idhaa huruhusu kulipakua faili la sauti la MP3. Kaka, mjomba au jirani mwenye simu kubwa aweza kuvipakua vipindi vinne siku ya gulio akiwa Tukuyu mjini ambako mtandao una nguvu, akavihamishia katika memori kadi, nayo ikatiwa kwenye kitochi chenye nafasi ya kadi. Kitochi hukaa na chaji siku kadhaa, na umeme ukikatika kwa mvua binti hatakwama. Vilevile simu kwa simu huweza kurushiana mafaili kwa bluetooth bila kutumia bando hata kidogo, kwa hiyo kipindi kimoja kilichopakuliwa kwaweza kuwafaa vijana watano wa mtaa mmoja. Tunasema kuwafaa, hatusemi kuuziwa. Kazi ya mtu haigeuzwi bidhaa bila idhini yake.

ASIKILIZE NINI

Hapa hatuna budi kuwa wakweli. Vipindi vya Kiswahili vilivyotengwa waziwazi kwa ajili ya waandishi ni vichache, na yeyote atakayeandika "podikasti za waandishi" katika sehemu ya kutafuta ataletewa zaidi vya Kiingereza. Lakini chakula cha mwandishi wa Kiswahili kipo, ila kimetawanyika. Kinafanana na mboga za porini: haviko sokoni vimefungwa mafungu, lakini ajuaye pa kuchuma harudi na kikapu kitupu.

Kwanza, Idhaa ya Kiswahili ya Umoja wa Mataifa ina sehemu fupi za kujifunza Kiswahili na neno la wiki, ambamo wataalamu wakiwemo wa BAKITA na BAKIZA hueleza maana ya neno, methali au nahau na matumizi yake. Sehemu hizo ni za dakika chache tu. Kwa mwandishi, neno moja lililoeleweka barabara kwa wiki ni akiba kubwa, hasa kwa kijana wa kwetu ambaye lugha yake ya kwanza ni Kinyakyusa na Kiswahili chake amekipata zaidi shuleni na mitaani.

Pili, RFI Kiswahili, iliyoanza mwaka 2010, ina kipindi cha Changu Chako, Chako Changu kinachohusu historia, mila na utamaduni, na kingine cha Nyumba ya Sanaa kinachowahoji wasanii wa fani mbalimbali. Humo mwandishi hapati somo la uandishi lililopangwa, bali anapata malighafi: watu, asili ya mambo, na namna msanii anavyoieleza kazi yake mwenyewe.

Tatu, Deutsche Welle ilianzisha mwaka 2008 mfululizo wa michezo ya redio uitwao Noa Bongo, Jenga Maisha Yako. Mchezo wa redio ni shule ya mazungumzo. Msikilizaji haoni uso, haoni nguo, haoni nyumba. Yote huyajua kwa maneno ya wahusika na sauti zilizo nyuma yao. Binti anayeandika hadithi ambazo wahusika wote huongea kwa namna moja atafaidika sana akisikiliza mchezo mmoja na kujiuliza: nimemtambuaje mama mkwe huyu kabla jina lake halijatajwa?

Kwa upande wa Kiingereza vipo vingi, nasi tutavitaja vitatu tu. World Book Club ya BBC humleta mwandishi mmoja kila mwezi, naye huulizwa maswali na wasomaji kuhusu kitabu chake kinachojulikana zaidi. Kipindi cha hadithi cha jarida la The New Yorker, kilichoanza mwaka 2007, humwalika mwandishi achague hadithi ya mwandishi mwingine iliyowahi kuchapishwa na jarida hilo, aisome kwa sauti, kisha ajadiliane na mhariri Deborah Treisman ni kwa nini hadithi hiyo imesimama. Cha tatu ni Writing Excuses, kilichoanza mwaka 2008. Vipindi vyake vya miaka ya mwanzo ni vya robo saa hivi, na msikilizaji huachiwa zoezi la kufanya. Kwa aliyemaliza kidato cha nne, Kiingereza chake kitamsumbua mwanzoni. Asikilize dakika tano tano na kurudia, na sikio litazoea.

Tunamwongeza mmoja ambaye ni wetu. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, alitoa hotuba yake ya tuzo tarehe 7 Desemba mwaka huo, na inapatikana bure katika tovuti ya Nobel. Inahusu kuandika kwenyewe. Anasimulia jinsi alivyoandika akiwa mwanafunzi kwa raha tu, kama zoezi la darasani, na jinsi baadaye, akiwa kijana mgeni Uingereza, kuandika kulivyogeuka kuwa haja asiyoweza kuiahirisha. Riwaya yake ya mwaka 1994, Paradise, ilitafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Atakayepata kuisoma Peponi na kumsikiliza mwenyewe akieleza safari yake atakuwa amepata darasa ambalo hata vyuoni si kila mtu hulipata.

Hata hivyo tunatoa tahadhari. Mwalimu wa Kiingereza hufundisha kwa ajili ya Kiingereza. Akisema sentensi ifupishwe na neno lisirudiwe, anaizungumzia lugha yake. Kiswahili kina takriri yenye utamu, kina tanakali za sauti, kina methali inayofanya kazi ya aya nzima, kina kitenzi kimoja kinachobeba mtendaji, wakati na mtendewa. Basi binti achukue kwao namna ya kuijenga hadithi, yaani wapi pa kuanzia, nini cha kuficha na lini pa kukifichua. Mdundo wa sentensi autafute kwa bibi yake.

Na kwa bibi si maneno ya mapambo. Simu inayopokea sauti za mbali huweza pia kurekodi za karibu. Bibi akisimulia jioni maisha ya Rungwe ya utoto wake, au kisa cha Kinyakyusa alichokipokea kwa mama yake, mjukuu amwombe ruhusa, arekodi, kisha aisikilize rekodi hiyo kwa makini kama anavyowasikiliza wa mbali. Hakuna idhaa yoyote duniani itakayomletea kipindi hicho.

NAMNA YA KUSIKILIZA

Qur'ani Tukufu, katika Suratuz-Zumar aya ya 18, inawasifu wale wanaosikiliza maneno kisha wakafuata yaliyo bora zaidi ndani yake. Kusikiliza huko kuna sehemu mbili, kuchagua na kutenda, na mwandishi anazihitaji zote mbili.

Tunapendekeza utaratibu wa hatua tatu. Mara ya kwanza kipindi kisikilizwe mikono ikiwa kazini, wakati wa kumenya ndizi, kuosha vyombo au kuchuma chai, bila kujilazimisha kukariri. Hedifoni ikitumika shambani au barabarani, iwe kwa sikio moja, ili sikio jingine limsikie anayeita na bodaboda inayokuja. Mara ya pili zisikilizwe dakika kumi tu, zile zilizomgusa zaidi, daftari likiwa wazi. Aandike mambo matatu: msemaji amesema nini, ametoa mfano gani, na mimi nitaujaribu wapi katika hadithi yangu. Mara ya tatu asisikilize tena, aandike. Ukurasa mmoja unatosha.

Kipimo chetu ni hiki: kila nusu saa ya kusikiliza ilipwe kwa saa moja ya kuandika. Asiyeweza kulipa apunguze kukopa. Tunasisitiza hivyo kwa sababu ugonjwa mkubwa wa vipindi hivi ni kumfanya mtu ajihisi mwandishi kwa kuwasikia waandishi. Atazijua tabia zao, atayataja majina yao, ataeleza vizuri namna riwaya inavyojengwa, na daftari lake la nne litabaki la nne mwaka hadi mwaka.

Kuna zoezi jingine lisilohitaji bando. Akimaliza hadithi, aisome kwa sauti huku simu ikirekodi, kisha ajisikilize kesho yake. Palipomkata pumzi, sentensi ni ndefu. Ulimi ulipojikwaa, pana neno la kubadilishwa. Mahali ambapo yeye mwenyewe amechoka kusikia, msomaji atakuwa ameshakiweka kitabu chini. Sikio husamehe machache kuliko jicho.

MAMBO YA KUCHUNGA

Mzazi ana haki ya kujua kinachoingia nyumbani mwake. Katika programu nyingi, kipindi chenye lugha au maudhui ya watu wazima huwekewa alama ya herufi E pembeni ya jina lake. Alama hiyo huwekwa na wenye kipindi wenyewe, kwa hiyo haitoshi peke yake. Mzazi asikilize pamoja na mwanawe vipindi viwili vitatu vya mwanzo, si kwa kupeleleza bali kwa kushiriki.

Pili, wapo wanaotumia vipindi hivi kama chambo. Huahidi kumfanya mtu mwandishi mashuhuri kwa siku thelathini, kisha huomba ada, au huahidi kuchapisha kitabu mradi kwanza atume fedha. Binti asitume fedha wala mswada wake kwa mtu asiyejulikana kabla hajawashauri wakubwa. Milango ya wazi ipo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu husimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023. Ipo pia tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo hupokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Kuijua milango hiyo ni sehemu ya kazi, na aghalabu habari zake hutangazwa katika idhaa tulizozitaja.

Tatu, hadithi iliyosikika ni amana. Kujifunza namna ilivyojengwa ni halali ya mwanafunzi, lakini kuichukua, kubadilisha majina na kuiita yako ni wizi, hata kama mwenyewe yuko ng'ambo na hatajua kamwe.

Nne ni wakati. Adhana ikisikika, hakuna kipindi kisichoweza kusimamishwa. Kwa hakika hiyo ndiyo sifa yake tuliyoanza nayo. Vivyo hivyo mama anapozungumza, hedifoni zitoke masikioni bila kusubiri kuambiwa.

NYUMBA NAYO ISIKILIZE

Pengine mama amegundua kwamba tumeondoka kidogo katika swali la simu. Tumefanya hivyo kwa makusudi. Kijana mwandishi akijifungia na hedifoni zake, familia itaona ameondoka ingawa mwili upo jikoni. Tunashauri usiku mmoja katika wiki, baada ya Isha, kipindi kimoja kifupi kisikilizwe na wote, simu ikiwa imewekwa ndani ya bakuli ili sauti ipate nguvu. Kisha binti asome ukurasa wake wa wiki hiyo. Wadogo zake watacheka pasipostahili kuchekwa, baba atauliza swali lisilotarajiwa, na bibi atasema kwamba jambo hilo halikuwa hivyo, lilikuwa hivi. Hao ndio wahariri wake wa kwanza, nao hawadai ada.

Kuhusu fedha, pendekezo letu ni la majaribio. Kwa miezi mitatu familia isinunue simu mpya. Itumike memori kadi, au simu iliyopo nyumbani kwa saa maalumu, na bando dogo la sauti kama tulivyolikadiria. Mama asidai kusoma kila mstari, kwa maana mwandishi mchanga huhitaji mahali pa kukosea bila kutazamwa. Adai kitu kimoja tu: kuona kurasa zimeongezeka. Miezi mitatu ikiisha, na daftari la tano likiwa limejaa, basi suala la simu lizungumzwe upya, na binti atakuwa na hoja mkononi. Likiwa tupu, jibu litakuwa limepatikana bila ugomvi, na sukari haitakuwa imekosekana.

Nawe binti yetu, ambaye bila shaka utausomewa ukurasa huu, tunakuambia neno moja la mwisho. Hao utakaowasikia wakieleza kazi zao kwa ufasaha wote walianza na daftari ambalo hakuna aliyeliomba. Wasikilize, wapunguzie upweke wako, kisha wanyamazishe uandike. Matwebe ina mengi ambayo hayajaandikwa na mtu yeyote, na waliokaa mbali hawawezi kukuandikia.

Wabillahi tawfiq.